Jipu Langu Mbele ya Bosi

Jamani, leo nacheka, lakini siku ile ningeonyeshwa shimo ningejitosa mwenyewe na kuomba nifukiwe. Ilikuwa miaka ya tisini, nafanya kazi Eden Prairie, huko Marekani, kwenye kampuni ya vifaa vya simu, Mtanzania peke yangu (Mwafrika mwenzangu alikuwa Wanjiru, Mkenya asiyejua kunong'ona), na asubuhi hiyo kwenye mkutano bosi akataka kuifuta Tanzania kwenye mipango kwa sababu eti huko barabara ni tope na simu hazishiki, nani atanunua?

Damu ikanichemka. "Nampigia mama yangu Lushoto sasa hivi," nikasema, na kwa maringo nikabonyeza spika ili chumba kizima kisikie.

Wakasikia mluzi wa laini tu. Nikarudia, ikakata, nikarudia, nikaangukia kwa mzee mmoja wa Dar akanitukana vizuri sana, nje theluji na mimi jasho linanichuruzika, bosi anatazama saa, mpaka opereta mmoja akanionea huruma akaniunganisha na posta ya Lushoto.

"Mama Hoza?" akasema dada wa posta. "Yuko hapa barazani anangoja basi la Tanga, mvua imekata barabara. Mama Hoza! Njoo, mwanao, Amerika!"

"Shikamoo mama!"

"Marahaba mwanangu!" Mama alipaza sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. "Lile jipu la makalioni uliloniandikia limepasuka? Sasa unakaa, au bado unalalia tumbo?"

Nikakiparamia kitufe cha spika, nikakosea, nikaongeza sauti.

"Anasemaje?" bosi akauliza.

"Wacha ni-translate," akadakia Wanjiru, na (Mungu amsamehe) akatafsiri yote, tangu basi la Tanga hadi tumbo.

Chumba kikalipuka. Bosi alicheka hadi akavua miwani, kisha akainamia simu na kumwamkia mama "shikamoo" kwa ulimi mzito, naye akaitikia kwa vigelegele.

"Basi limekwama, lakini simu imemkuta barazani?" bosi akasema akipangusa machozi. "Basi hapo ndipo pa kuuza."

Tanzania ikabaki, tena kazi yake nikakabidhiwa mimi! Nilitoka kifua mbele (nyuma, kila mtu alikuwa anapatazama).

Lakini spika? Mama akiwa hewani siigusi tena, hata nikiambiwa taifa zima linanitegemea.