Zaituni Hakufika Kliniki

Siku ya kwanza nilipopangiwa kliniki ya marudio ya watoto waliofanyiwa upasuaji, nilinuna waziwazi. Nilitoka chumba cha upasuaji, kwenye kazi ya maana nilivyodhani mie, nikapewa meza, daftari na benchi la kina mama. Nikamuuliza daktari bingwa wetu wa upasuaji: mtoto kidonda kimeshapona, tunamrudisha wa nini?

"Uvimbe nimeutoa, ovari nimeiacha," akasema. "Kama nilifanya vyema, utakayejua ni wewe, sio mimi."

Ninyi wauguzi vijana haya mnayakuta ya kawaida. Ovari ni kifuko cha mayai ya uzazi, na binti anazo mbili. Uvimbe usio wa saratani unaweza kumenywa ukatoka, kifuko kikabaki. Lakini huweza kurudi kimyakimya, ndiyo maana tunampima kwa utrasaundi mara kwa mara, na tunangoja kuona kama atavunja ungo umri ukifika.

Zaituni, binti wa kijiji cha Mlali, ndiye aliyenikosesha raha. Ovari moja ilikuwa imejisokota akiwa mdogo, ikaondolewa. Ile iliyobaki nayo ikaota uvimbe. Daktari aliumenya taratibu, akaokoa kipande. Bibi yake, aliyemlea, aliuliza jambo moja tu: atazaa? Nikamwandikia tarehe ya kurudi.

Bibi huyo hakukosa kliniki hata mara moja, kisha ghafla kimya. Simu haipatikani. Nikaandika "Hakufika" mara ya kwanza, na ya pili. Nikaomba ruhusa kwa muuguzi kiongozi, nikaenda Mlali nimefura, maneno yote ya kumpa nimeyapanga njiani.

Nilimkuta anaanika mpunga. Nilimwamkia shikamoo, hata sikungoja kukaribishwa, nikamshukia: uvimbe ukirudi je? Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Sista, hawezi kutoka," akasema. "Tumemweka ndani. Amekuwa mwali."

Jamani! Nilikaa palepale kwenye jamvi nikalia, naye akadhani ameniudhi. Binti wa Kiluguru akivunja ungo huwekwa ndani afundwe, haonekani ovyo. Kosa lilikuwa langu. Miaka yote nilimhubiria uvimbe, sikumwambia kwamba habari hii nayo tunaingoja. Kile kipande kilikuwa kinafanya kazi.

Kipimo hata hivyo sikukisamehe. Tulielewana na bibi, Zaituni akaletwa kliniki asubuhi kafunikwa kanga gubigubi, bibi mbele, shangazi nyuma, na mpimaji tukamtafuta mwanamke. Uvimbe haukuwepo. Bibi akarudia swali lake. Nikamwambia kuzaa ni majaliwa, ila mlango uko wazi. Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Sasa nimestaafu, nalima mboga zangu, na ile kliniki niliyoinunia ndiyo ninayoikumbuka. Namwona daktari siku ile niliporudi kutoka Mlali, nikamfungulia daftari nikamsomea: "Zaituni. Hakufika. Sababu: ni mwali." Akavua miwani.

"Hebu nisomee tena, Sista," akasema.