Mashine ya Parokia Iliyokaribisha Kila Mgeni

Saa tatu asubuhi, Alhamisi, kompyuta ya parokia inaganda kwa mara ya tano. Gaston Mwilambwe anarudisha bisibisi mfukoni, anavuta kiti na kumwomba katibu, Mama Philomène, afanye kazi kama siku zote. Yeye atatazama tu.

Gaston ana miaka arobaini na mmoja. Kwa miaka kumi na miwili alitengeneza pampu katika kiwanda kimoja huko Shituru, mpaka mshahara ukaacha kuja. Kompyuta alijifunza mwaka 1996, katika kitabu kisicho na jalada alichoachiwa na mdogo wake, marehemu Guy. Sasa, miaka miwili baadaye, anazunguka Likasi kwa baiskeli akihudumia mashine kumi na moja. Anayelipa bila kukosa ni parokia: debe moja la unga kila mwezi.

Debe hilo liko hatarini. Padri Magloire ameshasema: vyeti thelathini na vinane vya ubatizo visipotoka kabla ya Jumapili, kompyuta itauzwa na taipureta itarudi mezani.

Ushauri haukukosekana. Jirani mmoja wa kanisa la maombi alikuja kumfukuza pepo. Mashine ikafanya kazi dakika tano, ikaganda tena. Alisema pepo walikuwa wawili.

Gaston anashuku kitu kingine. Anaeleza kwamba programu nyingi hutumia faili moja kwa pamoja, kama nyumba tatu za kambi ya wafanyakazi zinavyotwanga katika kinu kimoja. Akija mtu akaweka kinu chake cha zamani, chenye ufa, na kuondoa kile kizuri, wote wanalala njaa.

Mama Philomène anaanza. Mwenyekiti wa kwaya, Baba Clovis, amemletea disketi yenye programu ya kadi za harusi. Anaiingiza. Mashine inauliza kwa Kifaransa: faili iliyopo ni mpya kuliko hii inayoletwa, ibaki?

Mama anabonyeza "hapana", bila kusita.

"Mama, juu ya nini?" anauliza Gaston.

"Papa Gaston, mugeni anafika na kintu yake mu mikono, weye utamwambia arudie nayo? Ya kwetu njo inatoka. Ya mugeni inaingia."

Katika miezi minane amekaribisha disketi kumi na tisa namna hiyo.

Gaston anacheka mpaka anashika meza. Kisha anatoa disketi yake na kurudisha faili mpya. Printa inakohoa. Saa sita, cheti cha thelathini na nane kinatoka, na Padri Magloire, baada ya kuhesabu mara mbili, anasema kompyuta haiuzwi.

Linabaki jambo moja. Mama Philomène amekubali kwamba faili ya mgeni isiingie, lakini kumwambia Baba Clovis hivyo usoni, hawezi. Wameimba pamoja miaka ishirini.

Kwa hiyo Gaston amepeleka ombi kwa padri: apewe kiti pale ofisini kila Jumamosi, siku ambayo disketi nyingi hufika, na debe la pili la unga kila mwezi. Padri anafikiria.

"Kutengeneza, kila mutu anaweza kujifunza," anasema Gaston, akifunga mkoba wake kwenye baiskeli. "Kukatalia mugeni na heshima, ile njo kazi. Na minye niko na sura ya ile kazi."