Ardis na Ombi la Tatu

Ardis Lindgren hakukubali kitu mara ya kwanza alipopewa, wala mara ya pili. Iwe kahawa, kipande cha keki au lifti wakati wa theluji, alikataa mara mbili, akapokea ya tatu. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo sote wa Nordheim, Minnesota, tulivyolelewa. Anayepokea haraka tunamwona mlafi.

Kwa miaka thelathini alipika chakula cha Jumatano za Kwaresima katika jiko lililo chini ya kanisa letu. Watu mia na ishirini, trei kumi za tambi na vitonge vya nyama vya Kiswidi. Hakupima kitu: mkate uliolowekwa kwenye maziwa, vitunguu vya siagi, kungumanga, nyama ya kusaga ya ng'ombe na ya nguruwe. Vitonge vyake vilitoka sawasawa, na ole wetu sisi wasaidizi wake tukifinyanga kikubwa, kama Lorraine siku moja.

"Lorraine, hicho ni kitonge au ngumi?"

"Mume wangu ana njaa, dada."

"Basi kamfinyangie nyumbani kwako."

Jumatano moja ya Machi, saa mbili asubuhi, Renee, mke wa mwanawe, aliingia jikoni na koti mwilini. Verna, mdogo wake Ardis, alikuwa amelazwa hospitali huko Duluth, mwendo wa karibu saa tatu kwa gari, na daktari alikuwa amesema hana siku nyingi. Dada hao hawakuwa wamesemezana kwa miaka sita, tangu walipokosana msibani kwa mama yao.

"Mama, mama mdogo anakuulizia. Twende, gari linanguruma nje."

"Aa, usijisumbue, mwanangu. Barabara ina barafu."

"Wameshaimwagia chumvi, barafu imeyeyuka. Twende tu, Mama."

"Na watu wale nini leo? Nenda wewe. Mimi niko sawa."

Huku akisema hivyo, mikono yake ilikuwa mgongoni, inafungua kamba za aproni. Nilimwona. Renee hakuona, na tena alizaliwa New York, ambako mtu akisema hapana, basi ni hapana.

"Sawa, Mama. Sikulazimishi." Akambusu shavuni, akapanda ngazi.

"We Ardis, mfuate!" Lorraine akapaza sauti. "Kwani hii nyama itatushinda?"

"Atarudi. Hajaniambia mara ya tatu."

Tulisikia gari likiondoka. Ardis alisimama kidogo akiutazama mlango, kisha akafunga kamba zake, akachota nyama na kuendelea kufinyanga. Akakaanga vyote, akachanganya krimu kwenye mafuta yaliyobaki, akamimina juu ya tambi trei moja baada ya nyingine. Hakumkosoa mtu tena asubuhi ile.

Simu ya kanisa ililia saa saba mchana, tukifunika trei. Verna alikuwa amefariki saa sita. Alikuwa na akili zake mpaka mwisho, akamuuliza Renee, "Ardis yuko wapi?" Renee akajibu alichoambiwa: "Amesema ana kazi, mama mdogo."

Renee aliporudi jioni alikuwa amevimba macho.

"Kama ulitaka kuja, kwa nini hukusema?"

"Ungeniambia tena," Ardis akajibu.

Wako hapa wanaomlaumu Renee mpaka leo. Mimi simlaumu. Alimheshimu mkwewe kwa kuyaamini maneno yake. Tunachokiita adabu, siku ile kilikuwa kiburi: kutaka kubembelezwa mbele ya kitanda cha mtu anayekufa. Nami niliyeziona kamba zikifunguliwa nilinyamaza, kwa sababu kwetu si adabu kumsemea mwenzako.

Ardis aliishi miaka tisa zaidi. Verna alikufa akiamini kwamba dada yake hakutaka kuja.