Chumvi ya Mtihani wa Akwero

Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, ndiyo siku mambo yalipoharibika nyumbani kwa Akwero, mtaa wa Namuwongo.

Asubuhi ya leo, siku kadhaa baadaye, anasugua chupa za maabara katika hospitali moja ya Kampala. Mikono inafanya kazi, midomo inakariri: “Zinki inaliwa, shaba inanenepa.” Ana miaka ishirini na sita. Anataka kozi ya wasaidizi wa maabara: nafasi kumi na mbili, waombaji zaidi ya mia tatu. Mtihani wa kemia ni Jumatatu.

Aliyekuwa akimfundisha ni kaka yake Ojara, mwalimu wa sekondari. Jumanne ile Ojara alipanga glasi mbili mezani. Moja ilikuwa na zinki iliyokatwa kwenye betri kuukuu ya tochi, ndani ya maji ya salfeti ya zinki, nyingine na shaba ndani ya maji ya buluu ya mrututu, yaani salfeti ya shaba. Akaziunganisha kwa waya kupitia kipima umeme. Sindano ikalala tu.

“Bado daraja, dada. Lete chumvi.”

Akwero akalowesha kitambaa katika maji ya chumvi, akakilaza toka glasi hii hadi ile. Sindano ikaruka. Wakacheka kama watoto.

Jirani yao, Monique, alikuwa amechungulia mlangoni. Alipofika bombani akatania: “Sisi tunakula mboga chapwa, wenzetu wanalowesha matambara kwa chumvi!”

Wanawake wakacheka. Kumbe kuna sikio lililobeba maneno.

Jioni wakaja askari watatu.

“Wewe mwalimu, chumvi umetoa wapi?”

“Ni ya masomo, afande. Tazama hii sindano…”

“Masomo ya magendo! Panda gari!”

Nusu kikombe, jamani! Wakubwa ndio waliomaliza chumvi madukani, malori yao yanapita na magunia mchana kweupe, halafu mlanguzi awe mwalimu. Wakamchukua Ojara. Chumvi nayo wakabeba.

“Monique analia kila akiniona,” anasema Akwero. “Namwambia, nyamaza mama, si wewe uliyekuja na bunduki.”

Jumatatu atakwenda kwenye mtihani. “Nikikaa nyumbani, watakuwa wametuchukua wawili.”

Kila akitoka kazini hupitia lango la kambi walikompeleka Ojara, sahani imefunikwa kwa kitambaa. Mlinzi haipokei, wala hamfukuzi. Hutazama barabarani tu. Na leo Akwero anamuuliza tena, kwa adabu:

“Afande, chakula chake niendelee kuleta, au niache?”