Rapa Aliyeoshwa Jina Kwenye Santuri Yake

Saa mbili na nusu asubuhi, Lavelle Gadsden anaingiza gari la kufagia barabara katika mtaa wa 163, kusini mwa Bronx, huku akifokafoka mashairi yake peke yake nyuma ya usukani. Mwanamke aliyevaa gauni la kulalia anashuka ngazi mbio kuondoa gari lake kabla ya faini ya kuegesha siku ya kufagia.

"Nipe dakika moja, baba!"

"Nimekupa tangu Jumanne, dada," anajibu bila kupoteza vina.

Marapa wenzake wanaimba mtaa wa bunduki na mikufu ya dhahabu. Lavelle, mwenye miaka 27, anaimba mtaa anaoufagia. Upande wa kwanza wa santuri yake kuna "Hamisha Gari". Wa pili kuna "Bomba la Kona", wimbo kuhusu watoto wanaofungua bomba la zimamoto joto likizidi.

Alitumia dola mia tisa, akiba ya miaka miwili ya kazi za ziada, kuchapisha nakala mia tatu. Karibu zote ziko chini ya kitanda cha mama yake.

"Analalia ndoto zangu, halafu ananiambia mgongo unamuuma," anasema.

Mama huyo, Bi Ernestine, amechoka na maboksi. Amempa mwanawe hadi mwisho wa kiangazi hiki cha 1984: mtaa usipomjua kwa jina kama mwanamuziki, maboksi yanatoka na habari za santuri zinakwisha.

Ndipo Lavelle akampelekea nakala Thurman Pettway, dijei anayetawala bustani ya mtaa kila Jumamosi. Thurman aliusikiliza "Hamisha Gari", akatabasamu, kisha akaufanyia kile anachoufanyia kila wimbo anaoupenda. Aliilowesha santuri kwenye beseni la kuogea, akabandua karatasi ya jina kwa kidole gumba, ili madijei wenzake wasije wakachungulia na kumwiga.

"Nikiupenda wimbo naukogesha," anasema Thurman bila haya. "Wa kwake niliukogesha mara mbili."

Jumamosi, "Hamisha Gari" ulipigwa mara nne mfululizo. Bustani nzima iliitikia. Madijei wawili walijipenyeza hadi mezani, wakakuta santuri nyeusi tii, haina hata herufi. Lavelle akaanza kumwambia kila mtu kwamba wimbo ni wake.

"Wako?" alicheka Alonzo, kinyozi. "Si wewe uliyenirushia maji machafu kwenye suruali ya kanisani?"

Akamwendea Thurman.

"Kaka, taja jina langu kwenye kipaza sauti. Mara moja tu."

"Dogo, nikilitaja leo, kesho kila dijei anao. Mimi nitapiga nini?"

"Na mimi je?"

"Wewe umependwa. Tulia."

Lakini aliyemkata maini hasa ni mama yake. Nyumbani hawana gramafoni, na Bi Ernestine alizoea kumsikia akibwabwaja bafuni tu. Jumamosi hiyo bustanini alicheza mpaka kiatu kikamvuka, akamshika mwanawe mkono, akihema.

"Unamsikia huyu kijana? Ungekuwa unaimba hivi, nisingesema neno."

"Mama, ni mimi."

"Usijipe vya watu, Lavelle."

Lavelle anasimulia huku akifuta kioo cha gari lake. "Niliumia. Halafu nikafurahi. Halafu nikaumia tena, na mama alikuwa bado hajavaa kiatu."

Sasa zimebaki wiki tano. Ameuza koti lake la ngozi ili achapishe santuri ya pili, na katika mashairi yake jina Lavelle Gadsden linatajwa mara kumi na tisa, pamoja na mtaa na namba ya mlango wa mama yake. Hayo, anasema, hayatoki kwa sabuni.

Thurman ameshapata habari hizo, wala hana wasiwasi. "Kila likifika jina lake," anasema, "naweka mkono juu ya santuri, naivuta mbele na nyuma, nakwaruza lisisikike."

Lavelle anapofikishiwa ujumbe huo, anazima injini ili acheke vizuri.

"Mwambie akwaruze," anasema. "Akikwaruza ndiyo analirudia."