Mbegu za Kilima Kilichochimbwa

Asubuhi ile wanajeshi walikuwa wanavunja maduka mjini, nami nilikuwa natembea kwenda uwanja wa ndege wa Luano na mfuko wa mbegu chini ya shati. Profesa wangu alikuwa ananisubiri huko ili azitoe nchini. Mmea wa mbegu hizo uliota kwenye kilima kimoja tu, katika udongo wa shaba unaoua mimea mingine, na kilima chenyewe mgodi ulikuwa umeshakisawazisha. Hakukuwa na mbegu nyingine popote. Njia nzima nilijiuliza: nikienda haraka nitashukiwa? Nikienda polepole je?

Kwenye kizuizi cha wanajeshi, maiti ya mwanamume ililala kifudifudi barabarani. Mwanajeshi mmoja alinipiga kitako cha bunduki mdomoni kabla sijasalimia. Mfuko ukaanguka.

"Dawa ya nani hii?"

"Si dawa, chef. Ni mbegu ya maua."

"Bantu banakufa, weye unabeba maua?"

Pigo la pili likanivunja ubavu. Hapo nikafanya ninachofanya kila nikiogopa: nikaeleza mmea unavyoota penye shaba, mukuba kama tuiitavyo kwetu.

"Inaotaka ku udongo ya mukuba, chef. Inakulaka mukuba, bila kufa."

Mkubwa wao akachomoa risasi moja, akaigeuza juani. Ncha yake iling'aa nyekundu, rangi ya shaba.

"Masasi nayo iko na mukuba," akasema. "Basi inakulaka na masasi."

"Ndiyo sababu alikuwa anaificha!" mwenzake akacheka, akiniita mtaalamu. "Monsieur savant, weye mubaya!"

"Ya kukula ao ya kupakala?" mkubwa akauliza, mtutu shingoni mwangu.

Nikisema haizuii risasi, nitalala kando ya maiti ile. Nikisema ni ya kula, mfuko wote utaishia matumboni mwao.

"Ya kupakala, chef. Kidogo tu."

Wakasaga mbegu chache kwa jiwe, wakazichanganya na mate. Nikadhani watajipaka wao.

"Tujaribu kwake mwanzo."

Wakanipaka kwenye shavu la mguu. Mlio wa bunduki niliusikia baada ya maumivu. Risasi ilipita nyama, ikatokea upande wa pili, ikarusha lami usoni mwangu.

"Bongo! Muganga wa bongo!" Mkubwa, akiniita mwongo, akaupiga mfuko teke, ukanigonga kifuani. "Toka hapa na takataka zako!"

Nikaufunga mguu kwa shati, nikaanza kutambaa kuelekea uwanja wa ndege. Mfuko niliuning'iniza shingoni, mbali na damu, maana mbegu zikilowa huchipua, na kando ya barabara ile hapakuwa na udongo wa shaba wa kuzilea.