Sisimizi Kwenye Mkebe wa Biskuti

Harufu ya malenge na mdalasini, ikichanganyika na moshi wa makaa, hunirudisha jikoni kwetu Ndabibi, msimu ule baba alipopatikana na ugonjwa wa sukari. Oveni hatukuwa nayo. Mama alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaiteleka kwenye jiko, akaweka humo sahani ya bati yenye biskuti, kisha akafunika na kupanga makaa ya moto juu ya kifuniko ili ziive juu na chini. Unga ulikuwa wa wimbi, pamoja na karanga zilizotwangwa, yai, na malenge ya shambani kwetu yaliyopondwa hadi yakalainika kabisa. Sukari haikuingia hata chembe. Kazi yangu ilikuwa kuponda malenge na kula biskuti zilizovunjika, na kwa kuwa zilizovunjika zenyewe zilikuwa chache, nilizisaidia kuvunjika.

Baba alikuwa akichomelea mabomba ya mvuke kule Olkaria na alirudi nyumbani mwisho wa juma. Alipenda vitu vitamu kuliko sisi watoto. Kidole chake cha mguu kilikuwa na kidonda kilichokataa kupona, na nilimsikia akimwambia mama kwamba daktari amesema sukari isiposhuka, kidole kitakatwa, na baadaye pengine mguu. Niliogopa sana. Tangu siku hiyo, kila alipovua viatu nilitazama kwanza kama vidole vyote vipo. Biskuti zile ndizo zilizokuwa tumaini letu, maana mtu aliyezoea mandazi na chai ya kukolea sukari hawezi kuambiwa tu aache, akaacha.

Mwanzoni kipimo cha sukari kilishuka. Kisha shosho, mama yake baba, akaja kutoka Mai Mahiu kumuuguza mwanawe, na kila jioni mama alipokwenda kukamua ng'ombe, shosho ndiye aliyebaki na sufuria. Ajabu ni kwamba biskuti zilizidi kuwa tamu. Mama alisifu malenge kwamba yamekomaa. Baba alizila bila wasiwasi, akabeba nyingine kwenda nazo kazini. Lakini kliniki kipimo kilipanda, kidonda kikaanza kutoa majimaji, na mama akaacha kuimba akipika. Tulimtilia baba shaka. Mama alimkagua mifuko kama mtoto wa shule, akitafuta peremende, naye baba akanuna.

Ukweli uliletwa na sisimizi. Asubuhi moja niliwakuta wamejipanga kutoka dirishani hadi kwenye mkebe wa biskuti, wakiingia na kutoka kama wenye nyumba. Biskuti zetu za mwanzo hazikuwahi kuwavuta. Nilimwita mama. Alichukua biskuti moja, akaigusa kwa kidole, kidole kikanata. Shosho alikuwa ameketi pale pale akichambua maharagwe.

"Mama, hizi biskuti uliweka nini?" mama akamuuliza kwa upole.

"Sukari sikuweka," shosho akajibu, bila kuficha lolote. "Nilipaka tu asali. Asali ni dawa. Hata kidonda inaponya."

"Mama, hiyo asali ikiingia kwa damu inakuwa tu sukari."

Shosho aliweka ungo chini. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hivyo ni mimi namkata mguu?"

Mama hakumgombeza, mama mkwe hagombezwi, na isitoshe shosho alikuwa tayari analia. Mama alimkabidhi mkebe. Kuanzia siku hiyo, alisema, shosho ndiye mwenye biskuti: baba atapewa mbili na chai, na hakuna wa kuongeza. Hakujapata kuwa na askari mkali kama yule. Hata zangu za kuvunjika zilikwisha.

Siku ya kliniki iliyofuata, shosho alingoja langoni tangu asubuhi. Baba alitokea barabarani. Alivua kiatu, akavua soksi, akamwonyesha mama yake kidonda kilichokauka. Kipimo kilikuwa kimeshuka. Shosho aliketi chini pale pale kwenye nyasi, akacheka huku machozi yakimtoka.

Leo naishi Nakuru mjini, na oveni yangu ni ya umeme. Watoto wangu hula biskuti zile zile za malenge bila kujua kwamba ziliwahi kuogopesha mtu. Shosho alishatutoka. Baba amezeeka, lakini bado anatembea shambani Ndabibi kwa miguu yake miwili. Kila nikimpelekea mkebe, haniulizi nimetia nini. Huuweka dirishani, akangoja kidogo, kisha akatazama.

"Hawajakuja," husema, ndipo huchukua mbili.